Aliyetupa Karata Jua Likingali Juu

Kasha lilikuwa wazi, ufunguo umechomekwa kwenye kitasa, na kidani hakimo.

Inspekta Himid Gharib alipiga magoti sakafuni akachungulia ndani bila kugusa kitu. Kanga zilizokunjwa vizuri, chupa ya mafuta ya waridi, bangili za fedha, pochi yenye noti. Vyote vimo. Mwizi alivipita vyote hivyo, akachukua kidani kimoja cha dhahabu cha kizamani, akaenda zake.

"Mwizi mwenye adabu," alisema Koplo Mwatum, huku akipaka kifuniko cha kasha unga wa kutolea alama za vidole.

"Mwizi mwenye adabu hajazaliwa," Himid akamjibu. "Huyu ni mwizi anayejua anachokitaka."

Nyumba yenyewe ilikuwa Hurumzi, Mji Mkongwe wa Unguja, ghorofa tatu za mawe na ngazi za kumtoa mtu pumzi. Mwenye nyumba, Bi Fatmabai, mjane aliyekwisha kula chumvi nyingi, alikaa ukingoni mwa kitanda akijifuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Ufunguo hukaa wapi, Bibi?"

"Ndani ya pipa la mchele. Chini kabisa."

"Nani anajua?"

"Mimi. Khairat, msichana anayekaa na mimi. Na Fayaz, mwana wa marehemu dada yangu. Kalelewa humu humu."

"Kidani mara ya mwisho ulikiona lini?"

"Jana, baada ya alasiri. Nlitoa mtandio wa kwendea hitimani, mtaa wa Malindi, nikakiona. Nikafunga, nikarudisha ufunguo. Nimerudi watu washasali isha, nikalala. Asubuhi hii ndiyo nimekuta hivi."

"Nyumbani ulimwacha nani?"

Bibi alikawia kujibu. "Khairat. Lakini si yeye. Mnanisikia? Si yeye."

"Unajuaje?"

"Si yeye," akasema tena, akageukia ukutani.

Khairat alikuwa jikoni, amesimama wima, mikono ameifumbata tumboni. Harusi yake ilikuwa Ijumaa ya wiki ile ile. Kwao ni Mkokotoni, lakini miaka mingi ameishi katika nyumba hii, kwanza akimuuguza dada wa Bi Fatmabai mpaka alipokufa, kisha akimtunza Bi Fatmabai mwenyewe.

"Jana ulitoka?"

"Nilikwenda sokoni Darajani kununua samaki."

"Nani alikuona?"

"Watu wote, na hakuna mtu. Darajani jioni, Inspekta, nani anamwangalia nani?"

"Uliporudi hukuona kitu?"

"Punje za mchele sakafuni, karibu na pipa. Nikazifagia. Nlidhani nimezimwaga mwenyewe."

Himid alishusha pumzi. Ushahidi wa mwizi ulikuwa umekwenda jaani, na aliyeufagia ndiye mshukiwa.

Fayaz waliyemfuata Paje alikuwa kijana mtanashati, ngozi imeungua kwa jua, anayefundisha wageni kuteleza juu ya mawimbi kwa tiara, vishada vikubwa vya kitambaa vinavyovutwa na upepo. Alimsikiliza Himid mpaka mwisho, kisha akatabasamu kama mtu aliyeulizwa swali ambalo jibu lake alikwishalikariri.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapa hapa. Simu yangu ilikuwa hapa, waulizeni wenye mnara."

"Simu haina miguu. Inaweza kuachwa."

"Basi tazama hii." Alifungua kompyuta. "Nilikuwa nacheza poka. Karata za mtandaoni. Dau dogo, Inspekta, bei ya kahawa na kashata. Mezani jina langu ni Upepo wa Paje. Nimekaa pale toka alasiri mpaka isha, mchezo baada ya mchezo. Waliocheza nami wote wameniona."

Ni kweli, michezo ilikuwamo yote. Himid hakujua karata zaidi ya wahed-wa-sitini aliyocheza barazani utotoni, lakini kusoma alijua. Kampuni yenye mchezo ilikuwa ng'ambo, na barua ya polisi kule ingejibiwa mwezi ujao, kama wangekuwa na huruma.

Alama za vidole kwenye kasha zikatoka: za bibi, za Khairat, za Fayaz. Watu wa nyumba moja, watakosaje kugusa kasha la nyumba moja? Hazikufaa kitu. Zikabaki hesabu za kutoa. Bi Fatmabai alikuwa hitimani mbele ya wanawake tele. Fayaz alikuwa karatani. Aliyebaki ni mmoja. Wakubwa wakataka mtu, Himid akasaini, na Khairat akalala rumande.

Siku ya pili yake watu wa bwana harusi wakaleta ujumbe kituoni, wa kistaarabu lakini mkali: kama binti hatatoka na jina lake safi kabla ya Ijumaa, posa imekufa. Himid alimpelekea Khairat habari hiyo mwenyewe. Msichana hakulia. Aliuliza tu kama Bi Fatmabai amekula. Himid aliondoka pale anaona haya, na si haya ya kazi.

Alikuwa bado amesimama koridoni simu ilipolia.

"Himid?"

"Naam, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo kwangu. Pita mlango wa nyuma, na hiyo gari yenu ya polisi iache huko huko."

Bi Ummukulthum alimsomesha Himid hesabu na jiografia skuli, na kabla yake alimsomesha nusu ya Mji Mkongwe. Sasa alikuwa amestaafu. Asubuhi alikuwa akiongoza hitima za wanawake, jioni akifundisha wasichana Kurani sebuleni kwake Kiponda. Mtu akitaka kumsifu binti yake mtaani, husema kalelewa na Bi Ummukulthum, basi maneno yamekwisha.

Alimmiminia kahawa, akamsogezea sahani ya halua, akatoa simu mfukoni mwa buibui akaiweka mbele yake. Kwenye kioo kulikuwa na meza ya kijani na karata.

"Unaijua hii?"

"Poka," alisema Himid. Kisha akaelewa. "Mwalimu!"

"Usinitolee macho. Mume wangu alipokufa usingizi ulinikimbia. Nikatafuta kitu cha kufanyia hesabu, nikazikuta huku. Dau langu halifiki bei ya mkate wa boflo. Lakini kamari ni kamari, sijidanganyi, na kwa Mola wangu nitajibu mwenyewe. Sikukuitia hilo. Nasikia Fayaz anajigamba barazani kwamba Upepo wa Paje ndiyo yeye, na karata zimemtoa."

"Ndiyo."

"Mimi ni Pweza. Miaka miwili nacheza naye meza moja bila ya kumjua. Na juzi, Himid, aliyekaa pale si yeye."

Himid aliweka kikombe chini.

Bi Ummukulthum alileta bakuli la kunde, akamwaga chache mezani. Ghafla Himid alijiona yuko darasani tena, kaptula na yote.

"Mchezo wote uko katika swali moja. Mwenzio ameweka dau. Ulipe uzione karata zake, au utupe zako uokoe kilichobaki? Asiyejua kutupa hufilisika. Asiyejua kulipa hutishwa na kila anayepita. Sasa tazama." Alirundika kunde ishirini katikati. "Hizi tumeshaziweka, mimi na yeye, wengine wametoka. Mimi mkononi sina kitu, natisha tu. Yeye kaongeza dau, kaongeza tena, maana yake anazo. Mwisho mimi naweka kunde moja. Moja tu. Alipe moja apate ishirini. Wewe ungetupa?"

"Hata mtoto asingetupa."

"Yeye alitupa."

"Pengine mtandao ulikatika."

"Mtandao ukikatika mchezo humsubiri mtu mpaka muda wake uishe. Huyu alitupa pale pale, akatoka mezani. Akakaa huko muda wa kusali rakaa tatu na kuvuta uradi, kisha akarudi." Alimtazama Himid juu ya miwani. "Kuna jambo hulijui. Meza ile tumo watu wa pwani, wa Unguja na wa Tanga. Tuna mwiko wetu. Adhana ikilia, unatupa. Hata ungekuwa na karata za kushinda dunia, unatupa. Hatuweki dau juu ya adhana."

Himid alitaka kucheka, akajizuia. Ndivyo tulivyo. Mtu yumo dhambini mpaka shingoni, lakini kuna mstari hauvuki, na ukimwambia auvuke atakuona wewe ndiye uliyepotoka.

"Kwa hiyo alisikia adhana," akasema.

"Adhana gani? Alasiri imekwishapita zamani, jua lingali juu, watu hawajateleka hata cha usiku. Nikasema labda kakosea. Halafu magharibi yetu ikaingia. Misikiti yote ya mji inaadhini, sisi wote tumetupa, na yeye peke yake kabaki mezani anakusanya vidau vyetu kama mchumaji karafuu. Hapo ndipo nikajua si yeye."

Himid aliinuka akaenda dirishani. Chini vichochoroni wauza samaki walikuwa wakinadi. Mtu aliyesikia magharibi kabla ya magharibi. Mtu ambaye kwake jua lilikwishazama.

"Yuko mashariki yetu," alisema taratibu.

"Na kaskazini. Miezi hii ya kaskazi siku zao ni fupi kuliko zetu. Muscat saa hizo wanafuturu wafungao sunna, sisi huku tunaanika nguo. Nliwafundisha mambo hayo darasani, wewe ulikuwa ukichora meli kwenye dawati." Alizirudisha kunde bakulini. "Kuna mtoto mmoja alikuwa akikaa na Fayaz dawati moja. Tahir. Siku hizi yuko Muscat, duka la vipuri."

Himid alimtazama yule mama na moyo wake ukajaa. Alikuwa ameona wapelelezi wengi, wengine na vyeti vya ng'ambo. Hakuwahi kuona mtu aliyesoma nafsi ya mtu kutokana na karata moja iliyotupwa. Akamvulia kofia, na alikuwa hana kofia.

"Lakini hii ni habari, Mwalimu. Haijawa ushahidi mpaka aliyekuwa mezani aje kuisema."

"Najua."

"Ukisema, mji mzima utajua."

"Hilo pia najua. Wanawake wa hitima hawatanikabidhi tena majuzuu. Wazee watawatoa wasichana wao." Alikunja leso mapajani, akaikunjua. "Na nisiposema?"

Himid alikwenda mlangoni kutafuta viatu vyake.

"Nenda kwanza," akasema mwalimu wake. "Mtu hapewi jibu kabla ya kufikiri."

Himid alijaribu bila yeye. Alimwita Fayaz kituoni, akamkalisha, Mwatum akashika kalamu.

"Nani alicheza badala yako?"

"Hakuna."

"Kwa nini ulitupa karata za kushinda?"

Uso wa Fayaz uliganda kidogo tu, kisha ukarudi mahali pake. "Nani kakwambia zilikuwa za kushinda?"

"Aliyekuwa akicheza nawe. Pweza."

"Pweza!" Fayaz alicheka. "Huyo ni mchezaji, Inspekta. Sijapata kuona mwenye akili kama yake. Lakini jina la mtandaoni haliapi kizimbani. Hebu mlete huyo Pweza hapa akae mbele yangu. Anatoka wapi, Tanga? Ana mke? Ana kazi ya serikali? Mtu atajianika kamari mbele ya dunia kwa ajili ya mtumishi wa watu?"

Kijana alikuwa anatisha, na alikuwa anatisha kwa hesabu nzuri. Himid alijua.

Mlango ukagongwa. Mwatum alifungua, akarudi nyuma hatua.

Bi Ummukulthum aliingia na buibui lake la Ijumaa. Alikuja kwa miguu, mchana kweupe, kwa mlango wa mbele, akipita katikati ya watu waliokaa nje kungojea habari za Khairat.

Fayaz alisimama mara moja. Malezi ni malezi. "Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa, mwanangu. Mimi ndiye Pweza."

Mwatum aliinua kalamu kutoka kwenye karatasi.

"Haiwezekani," alisema Fayaz.

"Mwezi uliopita ulinitisha na jozi tu ya namba nne, nikakulipa. Ukaniandikia: 'Pweza, una macho mangapi?' Nikakujibu: 'Mawili tu, yanatosha.'"

Kinywa cha Fayaz kilibaki wazi. Kisha, Mungu anawajua waja wake, kijana yule akatabasamu, tabasamu la kweli, la mchezaji aliyekutana na bingwa wake. "Miaka miwili unaninyoa, Mwalimu. Na mimi nikidhani ni baharia wa Tanga!"

"Basi nisaidie mchezo mmoja, unanikosesha raha. Kuna kunde ishirini mezani. Wewe umeongeza mara mbili, karata unazo. Mwenzio anaweka kunde moja. Unalipa au unatupa?"

"Nalipa! Hilo nalo swali?"

"Hutupi?"

"Moja kwa ishirini? Mpumbavu gani atatupa?"

"Wewe," alisema Bi Ummukulthum kwa upole. "Juzi, jua likingali juu."

Tabasamu lilikufa. Fayaz aliitazama meza kama vile karata zile ziko pale.

"Tahir alisikia adhana ya Muscat," Himid akaingia. "Akatupa. Ya kwetu hakuisikia, akaendelea kucheza. Ulimfundisha kila kitu, Fayaz, hata mwiko wa meza. Mlichosahau ni kwamba jua lina njia yake."

"Huna ushahidi wa Tahir."

Himid alitoa simu, akaiweka mezani kati yao. "Nimpigie mbele yako?"

Namba ya Tahir hakuwa nayo. Hata jina la duka hakulijua. Bi Ummukulthum aliitazama simu, akamtazama mwanafunzi wake, na hakupepesa.

Fayaz aliisukuma simu pembeni.

"Usimpigie," akasema mwishowe. "Hajui chochote. Nilimwambia nna ahadi na msichana mjini, na mjomba wake anayecheza meza yetu asijue sipo Paje."

"Uliingiaje nyumbani?"

"Nilikuja na pikipiki, kofia kubwa kichwani. Nikangoja mpaka Khairat akatoka na kikapu. Ufunguo wa mlango ninao tokea utotoni."

"Kidani kiko wapi?"

"Ndani ya mkoba wa tiara, Paje, bandani kwangu ninapofundishia. Kipo. Nisingekiuza kamwe."

"Sasa ulikitakia nini?"

Kijana alijifunika uso. Sauti ilipotoka haikuwa ya Upepo wa Paje tena.

"Kilikuwa cha mama yangu. Akikivaa siku ya Idi, nikimlalia kifuani kikinigusa shavu. Alipokufa, dada yake, khaloo Fatmabai, alikiweka. Mwezi uliopita akaniambia atampa Khairat siku ya harusi, na nisimwambie, anataka kumshtukiza. Nikasema, kidani cha mama yangu apewe mtumishi? Akanijibu: 'Mama yako alipokuwa kitandani ulikuwa Paje na upepo wako. Aliyemwosha, aliyemlisha, aliyemfumba macho, ni Khairat.'" Alimeza mate. "Angenitukana ningevumilia. Alisema kweli, ndiyo maana sikuweza."

"Na ulipoona amefungwa yeye?"

"Nlidhani khaloo atayamaliza ndani ya nyumba."

"Lakini hayakumalizika ndani ya nyumba. Ulikaa ukanyamaza."

"Nlinyamaza," alisema Fayaz, na machozi yakamtoka.

Himid alimkumbuka yule bibi aliyegeukia ukutani. Si yeye, si yeye. Alijua tangu asubuhi ile. Alishindwa kumtetea Khairat bila ya kumtaja mtoto wa dada yake, akabaki njia panda, na kimya chake kikamfunga asiye na hatia. Himid hakumlaumu. Lakini sasa alielewa zaidi ukubwa wa huyu mwingine aliyekuja kwa miguu.

Fayaz alipotolewa, Himid alifunga mlango.

"Mwalimu, amekiri. Kidani tutakipata leo hii. Sina haja tena ya maelezo yako. Jina lako naweza kuliacha nje kabisa, na hawa wa nje nitawaambia ulikuja kumwombea dhamana Khairat."

Bi Ummukulthum alikuwa amekwishashika mkono wa kiti ili ainuke. Akakaa tena.

"Wanaokiri hapa, mbele ya hakimu huwa wanasema hivyo hivyo?"

Himid alisita. Kumdanganya hakuweza. "Wengi hukana. Wakili atasema tulimtisha. Atasema hata kidani alikificha Khairat."

"Na maneno yangu yakiwepo?"

"Hatakuwa na pa kushika."

Mama alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaivua tena, akaifuta upya, na kwa kuona hilo ndipo Himid alipomheshimu kuliko alivyopata kumheshimu mtu yeyote, maana aliogopa kama sisi sote tunavyoogopa.

"Andika," alisema. "Ummukulthum binti Msabah, mwalimu mstaafu. Andika nlikuwa nacheza karata kwa pesa. Usiandike nlikuwa natazama wenzangu wakicheza. Nlikuwa nacheza mimi."

Himid aliandika neno kwa neno. Akamsomea, naye akasaini.

Nje ya kituo watu walikuwa bado wamekaa, na shangazi wawili wa bwana harusi miongoni mwao. Khairat alitolewa kwa mlango wa pembeni, kanga imemkunjamana, amesimama anapepesa macho kwa mwanga. Shangazi mmoja alimwendea, akamshika bega.

"Alhamdulillahi. Nani kakutoa, mwanangu? Nasikia kuna shahidi."

"Mimi," alisema Bi Ummukulthum kutoka kizingitini, sauti ile ile ya darasani, ya kufika dawati la nyuma. "Nilikuwa nikicheza kamari kwenye simu, na aliyeiba alitumia mchezo ule ule kujificha. Ndivyo nilivyojua."

Shangazi aliondoa mkono wake begani kwa Khairat, hakujua auweke wapi. Mwanamke mmoja wa hitima alitazama viatu vyake. Bi Ummukulthum aliteremka ngazi moja moja, na watu wakampisha njia pana kuliko ilivyohitajika.

Khairat aliwatazama wakwe zake watarajiwa, akatazama ule mgongo mwembamba ukienda peke yake. Ijumaa ilikuwa keshokutwa. Hakuuliza mtu. Alimfuata mbio, akampokea mkoba, akampa mkono wa kuegemea, na wote wawili wakashika njia ya Kiponda mbele ya macho ya kila mtu.